Sisimizi Uani: Kumfundisha Daktari Kushuku Maradhi ya Homoni

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa udaktari, siku ya kufungua mwaka wa masomo

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, walimu wenzangu, wauguzi wa wodi zetu, na nyinyi wanafunzi wa mwaka wa tatu mnaoingia wodini kwa mara ya kwanza wiki hii: nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna tunavyofundisha utambuzi na tiba ya maradhi ya homoni, pamoja na yale yanayotokana na mwili kushindwa kukitumia chakula inavyopasa. Naomba nianze na usiku mmoja ambao sijausahau.

Nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, mwezi wa nne, katika hospitali ambayo sitaitaja. Yapata saa tano usiku aliingia bibi mmoja amembeba mgongoni mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka tisa hivi, miguu ya mtoto ikining'inia hadi kwenye magoti ya bibi. Mtoto alikuwa anahema kwa kasi na kwa kina, midomo imekauka, tumbo linamuuma, na alikuwa ametapika tangu asubuhi. Niliandika kwenye faili: malaria kali, au nimonia. Nikachukua damu ya kupima malaria, nikaanzisha antibayotiki, na kwa kuwa hakuwa amekula kitu kutwa nzima, nikamtundikia dripu ya glukosi, yaani sukari. Bibi alikuwa akisema mambo mengi, kwa maana mtu mwenye hofu husema yote anayoyajua. Katikati ya maneno hayo alisema kwamba mjukuu wake siku hizi anaamka usiku mara kwa mara kukojoa, na kwamba uani, pale anapokojoa, asubuhi wanakuta pamejaa sisimizi. Nililisikia neno lile. Nakumbuka kwamba nililisikia, kwa sababu kalamu yangu ilisimama kidogo, kisha nikaendelea kuandika habari za homa. Saa tisa usiku muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alimpima mtoto sukari bila kuniuliza. Kipimo hakikutoa namba. Kilionyesha herufi mbili, HI, ambayo maana yake ni kwamba sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma. Mtoto alifariki kabla hakujapambazuka.

Sikukosa elimu usiku ule. Ningeweza kuichora molekuli ya insulini ubaoni, minyororo yake miwili, mmoja wenye asidi amino 21 na mwingine 30, pamoja na vifungo vya salfa vinavyoishikanisha. Nilikijua kisa cha Toronto, cha kuanza kutumika kwa insulini kutibu kisukari: jinsi Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alivyochomwa sindano ya kwanza tarehe 11 Januari 1922, jinsi dawa ile ilivyokuwa chafu ikamletea jipu, na jinsi mwanabiokemia James Collip alivyoisafisha hata ile ya tarehe 23 Januari ikamfufua. Nilijua hata kwamba waganga wa India ya kale waliuita ugonjwa huu mkojo wa asali, kwa sababu waliona sisimizi wakiukimbilia. Bibi yule alikuwa ananisomea kitabu changu mwenyewe kwa Kiswahili, nami sikumtambua. Nilichokosa ni mazoea ya kushuku, na hilo ndilo nililokuja kulisema leo: mwanafunzi wetu afundishwe kushuku kabla ya kufundishwa jambo lingine lolote katika somo hili, na kushuku huko hakupatikani kwenye mhadhara, kunapatikana kitandani pa mgonjwa, kwa maneno ya mgonjwa.

Tazameni ratiba zetu. Somo limepangwa kwa tezi: Jumatatu pituitari iliyo chini ya ubongo, Jumanne thairoidi ya shingoni, Jumatano kongosho, Alhamisi tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na kwa kila tezi mwanafunzi anasoma homoni zake, kisha magonjwa yake, kisha dalili za kila ugonjwa. Mpangilio huo ni mzuri kwa mwandishi wa kitabu. Mgonjwa anakuja kwa njia ya kinyume kabisa. Sijampata mgonjwa aliyeingia chumbani kwangu akasema kwamba adrenali zake zimeshindwa kazi. Husema: nimechoka, nimekonda, moyo unaenda mbio, miguu inawaka moto, sipati mtoto, siku zangu zimekatika, mwanangu hakui kama wenzake. Na kila moja ya kauli hizo ina ugonjwa mwingine, maarufu zaidi, uliosimama mlangoni ukisubiri kuandikwa kwenye faili: malaria, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, upungufu wa damu, typhoid. Mara nyingi ugonjwa huo maarufu upo kweli, na ule wa homoni umejificha nyuma yake.

Ninachokiomba ni kwamba katika mwaka wa tatu tugeuze somo lianze na lalamiko. Tuchukue neno moja, kwa mfano kukonda, tukae nalo wiki nzima. Wanafunzi wataje kila kinachoweza kumkondesha mtu, na kwa kila kimoja wajiulize ni swali gani la sentensi moja linalokitenga na wenzake. Anayekonda huku hamu ya chakula imepungua ana orodha yake ndefu. Anayekonda huku anakula kuliko zamani, orodha yake ni fupi sana, na kisukari pamoja na thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi vipo mstari wa mbele. Swali hilo moja, "Unakula vipi siku hizi?", halihitaji maabara wala umeme, na linaweza kuulizwa na tabibu wa zahanati sawasawa na bingwa wa hospitali ya rufaa.

Kisukari ndicho kitakachochukua sehemu kubwa ya maisha yenu ya kazi, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya katika vijiji sita vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1. Hesabu hizo mbili hazikupatikana kwa njia moja wala kwa watu wa namna moja, hivyo mwanafunzi asizitoe moja kutoka kwenye nyingine kana kwamba ni hesabu za darasa la tatu. Hata hivyo, hakuna aliyefanya kazi wodini katika miaka hiyo ambaye hakuona mabadiliko kwa macho yake. Na barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari hawajui kwamba wanacho, ndiyo kusema wengi wao watafika kwetu kwa mlango mwingine: kidonda kisichopona, macho yenye ukungu, figo zilizokwisha, au kiharusi.

Vigezo vya kukithibitisha mwanafunzi atavijua kwa siku moja, na nitavipitia haraka. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kwa aliyefunga kula usiku kucha, 11.1 au zaidi saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au wakati wowote kwa mtu mwenye dalili. Au HbA1c ya asilimia 6.5 na kuendelea. Asiye na dalili hapewi jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja.

Lakini kipimo hicho cha mwisho, ambacho siku hizi wengi wanakiamini kuliko vingine, kinahitaji mwalimu asimame nacho. HbA1c hupima sukari iliyoshikana na chembe nyekundu za damu katika maisha yake, ambayo kwa kawaida ni siku 120 hivi. Sasa fikirini mgonjwa mwenye selimundu, ambaye chembe zake hazifiki hata mwezi mmoja. Sukari haipati muda wa kujishikiza, na kipimo kinatoka kizuri wakati mgonjwa anaharibika. Aliyetoka kuongezewa damu naye kipimo chake hakisomeki, na upungufu wa madini ya chuma huweza kukipandisha pasipo kisukari kuongezeka. Katika nchi zetu, ambako selimundu ni ugonjwa wa kila wodi ya watoto, kumpa mwanafunzi namba 6.5 bila kumpa maelezo haya ni kumpa panga bila mpini.

Mtego mwingine ni aina za kisukari. Vitabu vimemzoesha mwanafunzi kwamba kijana mwembamba ana aina ya kwanza na mzee mnene ana aina ya pili, basi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanywa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini kwa watu walioanza kuugua wakiwa vijana na kuhesabiwa kuwa na aina ya kwanza, ulikuta karibu theluthi mbili hawana zile kingamwili zinazoonyesha kwamba mwili umeishambulia kongosho yake wenyewe. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuitambua aina ya tano, kisukari kinachohusishwa na utapiamlo wa muda mrefu, jambo ambalo madaktari wa nchi za joto walikuwa wakilisema tangu daktari Hugh-Jones alipowaeleza wagonjwa wa namna hiyo huko Jamaica mwaka 1955. Nalitaja hili ili mwanafunzi aelewe kwamba mgonjwa wa kijijini kwao anaweza kuwa na ugonjwa ambao kitabu chake hakijauandika vizuri bado, na kwamba anachokiona, akikiandika kwa uangalifu, kina thamani. Pamoja na hayo, asije akaliacha swali la aina limcheleweshe: kijana mwenye ketoni, yaani asidi ambazo mwili huzitoa ukikosa insulini, anahitaji insulini usiku huohuo, jina litafuata baadaye.

Tiba ya ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, naomba tuifundishe kwa saa ya ukutani badala ya orodha ya dawa. Mwanafunzi hukimbilia insulini kwa kuwa ndiyo aliyoisoma sana. Saa ya kwanza ni ya maji, dripu ya chumvi, kwa sababu mgonjwa amekauka kabla ya kitu kingine. Kisha potasiamu, kwa kuwa insulini huiondoa kwenye damu na kuisukuma ndani ya seli, na kama ilikuwa chini ya 3.5 tangu mwanzo, moyo unaweza kusimama mbele ya macho yako huku sukari ikishuka vizuri kabisa. Kwa mtoto, insulini inaanza kama saa moja baada ya maji, yuniti 0.05 hadi 0.1 kwa kila kilo kwa saa, na maji aliyoyapoteza yanarudishwa polepole kwa siku moja hadi mbili, ubongo wake ukiangaliwa kila saa usije ukavimba. Sukari ikifika 14 hivi, wengi huifunga insulini wakidhani kazi imekwisha. Hapo ndipo inapoongezwa glukosi kwenye dripu na insulini ikaendelea, kwa sababu tunachokifukuza ni asidi, na asidi hukawia kuondoka kuliko sukari. Nimewaona wagonjwa waliorudi kwenye hatari muda wa saa nne tu baada ya familia zao kuambiwa kwamba wamepona.

Kinyume chake ni sukari kushuka, na huku nako kushuku ni kila kitu. Mtu anatokwa jasho, anaropoka, anampiga anayemshika. Jamaa wanasema amelewa, jirani anasema amepandwa na pepo, na daktari aliyechoka anaandika tatizo la akili. Kipimo cha tone moja la damu kinamaliza ubishi. Mtoto mwenye malaria kali, na mjamzito aliye kwenye kwinini, wapimwe sukari hata kama hakuna aliyelifikiria hilo. Na mzee anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, huku figo zake zimechoka, akizinduka kwa glukosi ya mshipani, msimruhusu arudi nyumbani kwa kuwa sasa anacheka na kuomba chai. Dawa ile bado imo mwilini na itamshusha tena usiku, wakati watu wamelala. Alazwe, apimwe, angalau mpaka kesho yake.

Sasa niseme kuhusu lugha, ambayo kwangu ndiyo kiini cha yote. Tunafundisha kwa Kiingereza na tunatibu kwa Kiswahili, na hakuna kipindi hata kimoja kwenye ratiba kinachomvusha mwanafunzi kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Mwaka juzi nilisimama nyuma ya mwanafunzi mmoja mzuri sana aliyekuwa akimweleza mama mmoja habari za kongosho yake, kwamba haitengenezi homoni ya kutosha kudhibiti glukosi. Mama alitikisa kichwa kwa heshima hadi mwisho. Kisha akaniuliza mimi, pembeni, kama hiyo kongosho ni mdudu anayeweza kutolewa kwa dawa ya minyoo. Nilimwomba mwanafunzi akae chini, amsalimie mama upya, aanze na chakula: ulikula nini jana jioni, sukari ya ugali ule inakwenda wapi, insulini ni kama mtu mwenye funguo anayeifungulia mlango iingie ndani ya misuli, na mtu huyo kwako wewe, mama, amepungukiwa nguvu. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana nala lakini sishibi." Kauli hiyo ingeweza kuandikwa kwenye kitabu cha fiziolojia.

Lugha ya vipimo inaua pia. Insulini yetu siku hizi ina yuniti 100 katika kila mililita, na bomba lake maalumu limechorwa kwa yuniti. Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyekosa bomba hilo dukani akapewa bomba la kawaida la mililita, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa "kumi", aliivuta dawa mpaka kwenye mstari wa kumi alioufahamu yeye mwenyewe, ambao ulikuwa mililita moja nzima, yuniti 100, mara kumi ya alichoandikiwa. Alipona, ashukuriwe Mungu na jirani aliyekuwa na asali ndani. Tangu siku hiyo simwachi mwanafunzi amruhusu mgonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajavuta dawa mbele yetu, kwa bomba atakalolitumia, huku ile chupa yenye rangi ya maziwa akiibingirisha viganjani kwanza.

Na baada ya hapo, nyumbani. Ninaamini kila mwanafunzi amfuate mgonjwa mmoja wa insulini hadi kwake, walau mara moja kabla ya kuhitimu. Tunasema "weka kwenye friji" kwa watu wasio na umeme, na wao, kwa kutuheshimu, hawabishi. Wanaacha kutumia dawa. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata joto la kweli la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyofunguliwa ilihimili nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne bila kupoteza nguvu. Mtungi wa udongo wenye maji kidogo, uliowekwa kivulini penye upepo, unaipunguzia dawa joto zaidi. Mwanafunzi aliyeuona mtungi huo na mtoto aliyefundishwa kutoufunua ovyo atatoa ushauri unaofuatika.

Kwenye thairoidi nitakuwa mfupi. Mkono ufundishwe. Mwanafunzi asimame nyuma ya mgonjwa aliyekaa, ampe glasi ya maji anywe, na ahisi tezi inavyopanda chini ya vidole vyake anapomeza. Aweke karatasi juu ya vidole vilivyonyooshwa aone inavyotetemeka. Mwanamke mwenye ugonjwa wa Graves, unaoifanya thairoidi ifanye kazi kupita kiasi, aliyekonda, mapigo ya moyo yamevurugika, macho yametokeza, mara nyingi amekwishazunguka kliniki ya moyo, amepimwa virusi mara tatu, na amekwenda kwa mganga, kabla mtu yeyote hajamgusa shingo. Akianzishiwa karbimazoli, dawa ya kuituliza tezi hiyo, aambiwe, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba koo likimuuma na homa ikimpanda aache dawa na aje siku hiyohiyo apimwe chembe nyeupe za damu. Hilo si la kuachiwa karatasi ya ndani ya boksi. Na rovu la milimani na la visiwani lina historia ya kanda yetu wenyewe: kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti walionyesha jinsi udongo usio na madini ya joto pamoja na muhogo ambao haukuondolewa sumu yake vilivyoshirikiana kuvimbisha shingo za watu wazima na kudumaza akili za watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa na thairoidi isiyofanya kazi akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza anaweza kukua na akili zake. Anachohitaji ni tone la damu la kisiginoni, na daktari aliyelidai.

Nakuja kwenye tezi za adrenali, ambako ndiko kushuku kunakolipa kuliko kwingine kokote. Thomas Addison aliueleza ugonjwa wake mwaka 1855 huko London, na kifua kikuu ndicho kilichokuwa mharibifu mkubwa wa tezi hizo kwa wagonjwa wa zama zake. Kwetu bado ni mharibifu mkubwa. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyeusi, na mwanafunzi anauliza kwa haki: nitajuaje, kwa mgonjwa ambaye ni mweusi tangu kuzaliwa? Atajua akitazama fizi, mistari ya viganja, makovu ya karibuni, na akimuuliza ndugu aliyekuja naye, "Alikuwa hivi mwaka jana?" Kisha kuna jambo ambalo naomba liandikwe na kila mmoja. Rifampisini, dawa yetu ya kifua kikuu, huharakisha ini kuiteketeza kotisoli, homoni ya adrenali inayoushikilia mwili wakati wa maradhi. Mgonjwa aliyekuwa na kotisoli kidogo ya kumsogeza, ukimwanzishia dawa sahihi ya kifua kikuu, anaweza kuanguka baada ya siku chache, presha imeshuka, anatapika, sodiamu chini, potasiamu juu, na wodi nzima ikasema dawa zimemkataa. Hidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 ya mshipani itolewe hapohapo, damu ya kupima ikichukuliwa kwanza kama inawezekana, bila kusubiri jibu.

Krimu za kujichubua nazo zimo humuhumu, kwa kuwa nyingi zina klobetasoli, steroidi kali inayopita kwenye ngozi na kuzilaza adrenali usingizi. Anayezitumia anaweza kuja na uso wa mviringo, presha na sukari. Akiziacha ghafla, anaweza kuja amezimia. Mwulizeni faraghani, kwa upole, bila kumfanya aone haya, la sivyo hatasema.

Mgonjwa wa mwisho nitakayemtaja alikuwa mama wa miaka 38. Alikuwa amechoka kwa miaka sita, baridi haimwishi, nyusi zimenyonyoka, amepimwa kila kitu. Mahali fulani waliona homoni yake ya thairoidi ipo chini, wakampa vidonge vya thairoksini peke yake, na baada ya siku chache alianguka. Hawakujiuliza kwa nini TSH, homoni ya pituitari inayoiamrisha thairoidi, ambayo ingepaswa kupanda kama tezi ya shingoni ndiyo yenye kasoro, ilikuwa imetulia tu. Alipoletwa kwetu alikuwa hana presha ya kupimika. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, binti mkimya ambaye sikuwa nimemsikia akijibu swali tangu muhula uanze, ndiye aliyekaa na dada wa mgonjwa na kumuuliza kuhusu uzazi wake wa mwisho. Alitokwa damu sana, dada akasema, ikabidi watafutwe watu watatu wamchangie damu. "Na mtoto alinyonya?" Dada akanyamaza kidogo. "Maziwa hayakutoka kabisa. Tulimlea kwa uji na maziwa ya ng'ombe." Na siku zake je? Hazikurudi tena. Hiyo ndiyo pituitari iliyokufa kwa kukosa damu wakati wa kujifungua, kama daktari Sheehan alivyoieleza mwaka 1937, na katika nchi ambazo akina mama bado wanatokwa damu nyingi wakijifungua haistahili kuitwa ugonjwa adimu. Hidrokotisoni kwanza, thairoksini baadaye. Ukigeuza mpangilio, unamwongezea mwili kasi huku kotisoli ya kuustahimili haipo. Siku ya tatu mama yule aliomba kioo na kitana.

Binti yule hakuwa na kipimo chochote ambacho wenzake hawakuwa nacho. Ndiyo sababu nasema kwamba mafunzo ya namna hii yanawezekana hapa hapa kwetu, na ushahidi uko jirani: tangu mwaka 2008 madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika wamekuwa wakifunzwa homoni za watoto jijini Nairobi, na wamerudi kwao kufungua kliniki ambazo hazikuwapo. Sisi kwa upande wetu nimeshaomba mambo mawili tu kwa Mkuu wa Chuo, naye amekubali mbele yenu. Kila mgonjwa anayeingia mapokezi amezidiwa, mtoto au mtu mzima, apimwe sukari kabla faili halijaandikwa neno, na vijiti vya kupimia viwe na fungu lake ambalo halihamishwi. Na mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu ufanyike kwa Kiswahili.

Kituo cha kwanza cha mtihani huo nimeshakiandika. Mwanafunzi ataingia, amsalimie bibi aliyekaa na mjukuu mwenye homa, na ana dakika nane. Bibi ameelekezwa ajibu kila atakachoulizwa, na asimulie mengi kuhusu homa, safari, nauli na mvua. Neno la sisimizi atalisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na hatalirudia.